Jaa Lililohama: Malalamiko ya Mitaa ya Dar es Salaam Mbele ya Mahakama na Fasihi

Herufi X haimo katika abjadi ya Kiswahili sanifu. Mtoto anayeanza kusoma hafundishwi kuitamka, wala hakuna neno la lugha hii linaloihitaji. Hata hivyo, katika viunga vya Dar es Salaam, kuanzia Kinondoni hadi Temeke, ndiyo herufi inayosomwa kwa haraka kuliko zote, na hata asiyejua kusoma huifahamu. Huchorwa ukutani kwa rangi nyekundu, na maana yake ni moja tu: nyumba hii itabomolewa. Pengine huandamana na neno la amri. Pengine husimama peke yake. Haina jina la mwandishi, haina salamu, wala haimwachii msomaji wake nafasi ya kujibu.

Wakazi wa viunga hivyo, hata hivyo, wamejibu. Kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini wamekuwa wakiandika barua za malalamiko, hati za madai, mabango ya kitambaa na mashairi ya magazetini, kila mara jambo zito lilipopangwa kuletwa karibu na nyumba zao: jaa la taka, barabara pana, mji mpya, upanuzi wa bandari au wa uwanja wa ndege. Maandiko hayo hayajahesabiwa kuwa sehemu ya fasihi. Mengi yamebaki katika majalada ya ofisi au yamepotea pamoja na magazeti yaliyofungia maandazi. Walakini yana mtindo wake, yana hoja zake, na yana kasoro yake moja kubwa ambayo mhakiki hapaswi kuifumbia macho. Ili kuipima kasoro hiyo na kuupima pia uzuri wake, hapana budi kurejea kwenye kisa kinachojulikana zaidi, nacho ni kisa cha jaa la Tabata.

Kwa miaka mingi Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa ikimwaga na kuchoma taka za jiji Tabata, katika wilaya ya Ilala, ilhali nyumba za watu ziko hapo hapo. Wakazi walilalamikia moshi, harufu na nzi. Walipochoka kulalamika, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka ulikuwa 1988, na mwaka huo una maana yake. Tamko la haki za binadamu lilikuwa limeingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1984, lakini mahakama hazikupewa uwezo wa kulitekeleza mpaka mwaka huo wa 1988. Kwa hiyo watu wa Tabata walikuwa miongoni mwa raia wa mwanzo kuishika ahadi hiyo mkononi na kuuliza kama ina uzito. Mahakama ikawapa haki. Halmashauri iliamriwa kuacha kutumia eneo hilo na kutafuta mahali ambapo taka hazingemdhuru mtu.

Halmashauri haikuacha. Ilirudi mahakamani kuomba muda zaidi, kwa hoja kwamba jiji zima linahitaji mahali pa kutupa taka na kwamba maslahi ya wengi yatangulie. Jaji Kahwa Lugakingira aliikataa hoja hiyo kwa maneno ambayo wanasheria wa Afrika Mashariki wanayakumbuka hadi leo. Kwa muhtasari, aliona ni ajabu ambayo hajapata kuisikia popote, kwamba chombo cha umma, au hata mtu binafsi, kinakwenda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Idadi ya wanaohatarishwa, kwa maoni yake, haikuwa hoja. Akaiegemeza kauli yake kwenye Ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu haki ya kuishi na hifadhi ya maisha.

Hapa ndipo msomaji wa fasihi anapaswa kusimama kidogo. Hukumu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyokuwa hukumu zote za Mahakama Kuu wakati ule. Katika lugha hiyo jaji alilazimika kujenga daraja: kutoka kwenye haki ya kuwa hai, ambayo maana yake ya kwanza ni kutouawa, hadi kwenye haki ya kukaa mahali safi. Daraja hilo lilihitaji hoja, na jaji aliijenga kwa ustadi. Lakini Kiswahili cha Katiba kinasema "haki ya kuishi", na kitenzi hiki hakihitaji daraja. Anayeulizwa "unaishi wapi?" hajibu kwamba yuko hai, hujibu kwamba anaishi Tabata, karibu na relini, nyumba ya tatu. Katika Kiswahili kuwa hai na kuwa na makazi ni tendo moja lenye jina moja. Mlalamikaji wa Tabata, aliyeyasema malalamiko yake barazani kwa lugha yake kabla hayajafasiriwa na wakili, huenda alikuwa ameshafika pale ambapo jaji alifika baada ya kurasa kadhaa. Maneno yake hayo ndiyo yaliyopotea. Kilichobaki katika kumbukumbu za sheria ni tafsiri, na asili yake haionekani.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mabadiliko hayo mara nyingi yamejadiliwa kama suala la urahisi: mwananchi aelewe hukumu inayomhusu. Kisa cha Tabata kinaonyesha kwamba kuna jambo zaidi ya urahisi. Lugha inayobeba malalamiko huamua pia ni hoja ipi itaonekana dhahiri na ipi itahitaji kutetewa.

Baada ya kuzuiwa Tabata, Halmashauri iliyapeleka magari yake ya taka Kunduchi Mtongani, katika wilaya ya Kinondoni, kwenye eneo lenye mashimo ya machimbo ya mawe. Wasomaji wa Pwani wanaijua Kunduchi kwa sababu nyingine. Kuna magofu ya msikiti wa kale huko, na makaburi yenye nguzo ambazo wahenga walizipamba kwa sahani na bakuli za kauri zilizovuka bahari kutoka Uchina. Waliokufa Kunduchi walipambiwa kwa vyombo vya mbali. Waliokuwa hai waliletewa taka za jiji. Wakazi zaidi ya mia saba walijiunga na kufungua shauri mwaka 1991. Mahakama iliona kwamba mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 uliitaja sehemu hiyo kuwa ya makazi, na kwamba Halmashauri ilikuwa ikivunja mpango wa jiji lake yenyewe. Ikaizuia, na ikaiamuru kutafuta mahali panapofaa.

Wakazi wakashinda mara ya pili, na jaa likahama mara ya pili. Katika miaka ya 1990 lilikuwa Vingunguti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa Mtoni, wilaya ya Temeke, karibu na mkondo wa maji unaoingia baharini. Kuelekea mwisho wa muongo huo likapelekwa Pugu Kinyamwezi, na huko ndiko taka za jiji zilikoendelea kupelekwa hata katika miaka ya 2020. Jaa la Mtoni lilipofungwa, mradi wa kunasa gesi inayotoka ndani yake ulisajiliwa chini ya Mkataba wa Kyoto. Uvundo ambao mkazi alikuwa ameuvuta bure kwa miaka ukaingizwa katika mahesabu ya dunia, bila ya yeye kuwa na fungu ndani yake.

Hii ndiyo habari yenyewe. Anayeisoma kama mwanasheria ataona ushindi mara mbili. Anayeisoma kama mhakiki wa hadithi ataona muundo mwingine: mhusika mkuu anayebakia kutoka mwanzo hadi mwisho ni jaa. Watu wa Tabata wanaingia jukwaani, wanasema, wanatoka. Watu wa Kunduchi wanaingia, wanasema, wanatoka. Jaa halitoki. Linabadilisha mtaa tu. Mitaa hiyo mitano haikukutana katika hati moja, wala katika wimbo mmoja.

Kuna methali inayosemwa kila siku vibarazani: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Walimu huifundisha kama methali ya tahadhari, na kweli ni ya tahadhari. Lakini ikisomwa mbele ya kisa hiki inaonyesha sura nyingine. Anayeifuata haulizi wembe ni wa nani, wala kama mwenzake ameridhia kunyolewa. Anatia maji kichwani mwake na kusubiri zamu. Ni hekima ya mtu mmoja mmoja, na kila mtaa wa Dar es Salaam umeitumia vilivyo: Kunduchi ilijifunza kwa Tabata namna ya kwenda mahakamani, na somo hilo lilikuwa jema. Kilichokosekana ni methali ya pili, ile ya kumwendea kinyozi kwa pamoja.

Upande wa pili, yaani upande wa ofisi, nao una fasihi yake, na inastahili kuhakikiwa kwa ukali uleule. Neno lake kuu ni "kupisha". Wakazi hupisha upanuzi wa bandari, hupisha barabara, hupisha mradi. Katika Kiswahili cha watu, kupisha ni adabu. Mtu husogea katika benchi ili mgeni akae. Kijana humpisha mzee njiani. Anayetaka kupita husema "hebu nipishe" na hushukuru akishapita. Tendo hilo lina hiari ndani yake, na lina kurejea: aliyepisha hurudi pale alipokuwa. Kumwambia mtu aliyebomolewa nyumba kwamba "amepisha" ni kumwazima adabu ambayo hakuombwa, na kumnyima hata heshima ya kuitwa aliyeondolewa.

Neno la pili ni "wavamizi". Sehemu kubwa ya viunga vya Dar es Salaam ilijengwa na watu walionunua viwanja kwa maandishi ya mikono, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi wawili, wakati jiji halikuwa na kasi ya kupima ardhi sawa na kasi ya watu kuzaliwa na kuhamia. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu 1,360,850 katika mkoa huo. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Serikali yenyewe ilianza kutoa leseni za makazi mwaka 2004 kwa wanaoishi katika maeneo yasiyopimwa, jambo linaloonyesha kwamba ilijua watu hao wako na ni wengi. Lakini siku ya mgogoro neno "wakazi" huondoka katika taarifa na neno "wavamizi" huingia mahali pake. Mvamizi hana kisa, mkazi anacho. Kubadilisha neno ni kufuta kisa.

Neno la tatu ni "fidia". Wasomaji wa Pwani hawahitaji kuambiwa asili yake. Fidia hutolewa na mtu aliyeshindwa kufunga kwa udhuru, au hutolewa kumkomboa mateka. Katika maana zote mbili anayelipa ndiye mwenye deni, na anakiri upungufu wake kwa kulipa. Katika lugha ya miradi, fidia imekuwa kama zawadi ya ofisi: hutathminiwa na ofisi, hucheleweshwa na ofisi, na mpokeaji hutakiwa kushukuru. Mwaka 2008, serikali ilipotangaza nia ya kujenga mji mpya Kigamboni, wakati huo ikiwa sehemu ya wilaya ya Temeke, wenyeji walizuiwa kuendeleza viwanja vyao wakisubiri kupangwa na kulipwa. Mji huo haukujengwa kama ulivyochorwa. Mtu aliyeambiwa asiongeze chumba kwa ajili ya mji wa kwenye karatasi alilipa kitu, na hakuna neno la kiofisi linalokitaja alicholipa. Yumkini hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mshairi: kukitafutia jina.

Je, washairi wamefanya kazi hiyo? Jibu la haki ni kwamba wale wa magazetini wamejaribu kuliko wale wa vitabuni. Kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili zimekuwa kwa miongo mingi baraza la watu wasiokuwa na baraza jingine: makarani, wavuvi, walimu, madereva. Wengi wao walitumia tarbia, yaani beti za mishororo minne yenye vina vya kati na vya mwisho, na kituo kinachorudiwa. Umbo hilo linafaa sana malalamiko. Kituo kinachorudi kila ubeti kina nguvu ya mkono unaogonga mlango uleule. Mshairi anaweza kueleza moshi katika ubeti mmoja, nzi katika wa pili, mtoto anayekohoa katika wa tatu, na kila mara akarudi kwenye dai lake bila ya kuchoka.

Lakini umbo hilo limerithi pia kanuni za malumbano. Katika jadi ya kulumbana, shairi ni nusu ya mazungumzo. Anayelumbwa hapana budi ajibu kwa bahari ileile na vina vilevile. Akinyamaza, ameshindwa, na kila msomaji anajua kwamba ameshindwa. Ushairi wote wa malalamiko ulijengwa juu ya itikadi hiyo kwamba kimya ni aibu. Ofisi ya jiji haikulelewa katika jadi hiyo. Kwake kimya ni mbinu. Shairi linalomwuliza mkurugenzi swali halimwaibishi kwa kutojibiwa, linamwachia muda. Hapa umbo la zamani limekutana na mpinzani asiyeijua kanuni ya mchezo, na washairi wengi wameendelea kucheza kana kwamba anaijua. Huo ni udhaifu wa kisanaa, seuze wa kisiasa. Shairi la namna hii linahitaji msikilizaji mwingine, naye ni jirani wa mtaa wa pili.

Ngonjera nazo zilikwenda upande mwingine kabisa. Mathias Mnyampala aliziasisi kuwa mashairi ya kujibizana yenye kuishia katika maafikiano, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 zikawa chombo cha kueleza sera. Mjinga huuliza, mjuzi hujibu, na mwisho mjinga husadiki. Hakuna ngonjera ambamo mjinga ndiye mwenye nyumba na mjuzi ndiye aliyekosea kuhusu mahali pa kuweka jaa. Bongo Fleva ililiona pengo hilo mapema kuliko vitabu. "Ndio Mzee" ya Professor Jay, iliyotoka mwaka 2001, iliuchukua muundo huo huo wa kiongozi anayesema na umma unaoitikia, ikaugeuza kuwa kejeli: ahadi zinazidi kuwa kubwa, na kuitikia kunazidi kuwa kichekesho. Hiyo ni ngonjera iliyovuliwa nguo.

Kwa upande wa riwaya, hali ni ya kushangaza zaidi. Shafi Adam Shafi katika Kuli, iliyochapishwa mwaka 1979, alionyesha kwamba kundi la watu linaweza kuwa mhusika wa riwaya: wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948 ndio wanaokisukuma kisa. Mohamed Suleiman Mohamed katika Nyota ya Rehema ya mwaka 1976 alionyesha ardhi iliyotunzwa kwa jasho ikidaiwa na watu wenye nguvu ya nasaba na karatasi. Euphrase Kezilahabi katika Gamba la Nyoka ya mwaka 1979 alithubutu kuwaonyesha wanakijiji wanaokataa kuhamishwa. Kwa hiyo zana zote zilikuwapo: kundi kama mhusika, ardhi isiyokuwa na hati, na ukataaji wa kuhamishwa. Hata hivyo ni vigumu kuitaja riwaya mashuhuri ya Kiswahili iliyozikusanya zana hizo tatu na kuzipeleka katika mtaa wa kiungani, wenye mwenyekiti wake, msikiti wake, kanisa lake, genge la mboga na bomba la maji linalotoa maji mara mbili kwa wiki. Jiji la Dar es Salaam katika riwaya nyingi ni mahali pa kupotelea: baa, uhalifu, msichana aliyetoka bara. Ni nadra kuwa mahali ambapo mtu amepanda mwembe na anatumai kuula.

Pengine chanzo kimo katika urithi wenyewe. Ushairi mkubwa wa Pwani kuhusu nyumba ni ushairi wa magofu. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa yamekwisha kuanguka, na akayafanya kuwa mawaidha kwa moyo wake. Nguvu ya utenzi huo inatokana na kuchelewa: waliokuwamo wamekwisha kuondoka, na kilichobaki ni kuzingatia. Tangu hapo mshairi wa Pwani anajua vizuri namna ya kuililia nyumba iliyoanguka. Kuandika juu ya nyumba iliyo wima, yenye watu ndani wanaopika na kugombana na kukaa barazani, ilhali X imeshachorwa ukutani, ni kazi ya namna nyingine. Inahitaji wakati uliopo. Majonzi hayatoshi, panahitajika hoja. Zanzibar yenyewe ina deni hapo. Majengo ya Michenzani yalipojengwa katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa ili kuyapa nafasi. Majengo hayo yamepigwa picha mara nyingi, na yamesifiwa na kulaumiwa. Nyumba zilizotangulia zinakumbukwa zaidi katika mazungumzo ya wazee kuliko katika diwani.

Ni haki kuusikia pia upande wa jiji. Mji wa watu milioni kadhaa huzalisha taka kila siku, na taka hazina pa kwenda isipokuwa mahali fulani; barabara haiwezi kupita hewani, wala bandari haiwezi kupanuka bila ya ardhi. Anayekataa kila kitu karibu na nyumba yake huku akitoa mfuko wake wa taka mlangoni kila asubuhi anapaswa kuulizwa mfuko huo aende nao nani. Hoja hii ni nzito, na maandiko mengi ya wakazi hayakuijibu. Yalisema "si hapa". Mahakama ndiyo iliyokwenda hatua moja mbele kwa kuiamuru Halmashauri kutafuta mahali panapofaa, yaani kuligeuza "si hapa" kuwa swali la "basi wapi, na kwa kanuni ipi?" Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ililiendeleza swali hilo kwa kutaka miradi mikubwa itathminiwe athari zake na wananchi wasikilizwe kabla ya ujenzi. Kwa maneno mengine, malalamiko ya Tabata na Kunduchi hayakwenda bure. Lakini kusikilizwa kunakotajwa na sheria kunahitaji mtu mwenye la kusema, na la kusema lenye upana kuliko ukuta wa nyumba yake.

Hapo ndipo kipimo cha uhakiki kinapopatikana. Uzuri wa shairi la malalamiko haupimwi kwa vina vyake pekee, wala kwa ukweli wa uchungu wake, kwani uchungu wa Tabata ulikuwa wa kweli na vina vinaweza kuwa safi. Kipimo chake ni hiki: je, shairi lililotungwa Tabata lingeweza kuimbwa Kunduchi siku magari yalipofika huko? Je, la Kunduchi lingeimbika Vingunguti, na la Vingunguti likaimbika Mtoni? Kama kubadilisha jina la mtaa kunaligeuza shairi kuwa dai dhidi ya jirani, basi shairi hilo, hata likiwa na mizani kamili, limebeba taka na kuzimwaga mlangoni pa mwingine. Kama jina la mtaa linaweza kubadilishwa na dai likabaki lilelile, basi mtunzi amepata kitu ambacho hata hukumu haikukipata, kwa kuwa hukumu hufunga wahusika wa shauri moja tu.

Mapokeo ya Pwani yanalo neno la jambo hilo, nalo ni ujirani. Katika mafunzo ya Kiislamu yaliyolea sehemu kubwa ya ushairi huu, haki ya jirani haiishii kwenye ukuta wa karibu. Wanazuoni wamesimulia upana wake hadi nyumba arubaini. Ukizihesabu nyumba arubaini kutoka Tabata, kisha arubaini nyingine, na nyingine tena, utafika Vingunguti, utafika Mtoni, na ukiendelea utafika Pugu. Mtunzi atakayeihesabu njia hiyo kwa miguu ya ubeti, bila ya kuruka mtaa hata mmoja, atakuwa ameandika jibu la ile herufi nyekundu ukutani. Hadi atakapotokea, jaa litaendelea kuwa ndilo mhusika mkuu wa kisa hiki, na kila mtaa utaendelea kutia maji kichwani ukisubiri zamu yake.